Kijiko cha kimea kinavyogeuza uji mzito kuwa chakula cha mtoto

TAFUNA tonge la ugali bila mboga, ulishikilie mdomoni kwa dakika moja au mbili kabla ya kumeza. Utaona linaanza kuwa na utamu kwa mbali, ingawa hakuna aliyeweka sukari. Utamu huo ni kazi ya kimeng'enya kilichomo kwenye mate, kiitwacho amilesi.

Kwa mzazi mwenye mtoto anayeanza kula, kimeng'enya hiki kina maana kubwa.

Wanga, ambao ndio sehemu kubwa ya mahindi, mtama na muhogo, ni minyororo mirefu ya sukari iliyoungana. Mwili hauwezi kuufyonza ukiwa mnyororo, ni lazima ukatwe vipande vidogo. Anayekata ni amilesi. Vimeng'enya karibu vyote ni protini zilizojikunja kwa umbo maalumu, na kila kimoja hupokea kitu kinachoingia kwenye umbo lake, kama ufunguo na kufuli. Amilesi ikishakata pingili moja huachia na kushika nyingine, bila yenyewe kuisha. Ndiyo maana kiasi kidogo hufanya kazi kubwa.

Tatizo la uji mwepesi

Tumbo la mtoto ni dogo, takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo nane hujazwa na kikombe kimoja tu.

Kikombe cha mililita 200 cha uji mwepesi, wenye gramu 10 za unga, hutoa kilokalori 35 hivi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri huhitaji takriban kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula. Atashiba maji, uzito usipande.

Ukiweka gramu 40 za unga, kikombe kilekile kitatoa kilokalori 140. Lakini uji huo hushika kijiko, na mtoto mdogo hawezi kuumeza.

Kimea kinaingia hapa

Nafaka inapochipua hutengeneza amilesi kwa wingi ili mche upate sukari ya kukulia. Waliokulia kwenye nyumba za togwa wanajua jinsi kimea kinavyolainisha uji. Katika miaka ya 1980, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania (TFNC) ilihimiza kimea kwa ajili ya uji wa watoto.

Ulezi unafaa zaidi kwa nyumbani:

• Uoshe, uloweke usiku kucha, mwaga maji.
• Utandaze kwenye kitambaa safi chenye unyevu, ufunike siku mbili hadi tatu mpaka uchipue.
• Uanike juani ukauke kabisa, uusugue kwa viganja, upepete mizizi na machipukizi yatoke, kisha usage.

Ukitumia mtama, usiruke hatua ya kuondoa machipukizi, kwani yana kemikali inayoweza kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Nafaka iliyoota ukungu tupa.

Usikiweke kwenye uji unaochemka

Moto mkali huharibu umbo la kimeng'enya, kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango na kutorudi tena. Pika uji mzito uive, uepue, uache upoe hadi uwe vuguvugu. Weka kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kikombe, koroga. Baada ya dakika chache utaanza kulegea. Usipolegea, ongeza kidogo.

Kisha urudishe jikoni uchemke tena dakika chache ili kuua vijidudu vilivyoweza kuingia wakati nafaka inachipua. Usihofu, hautarudi kuwa mzito, maana minyororo imeshakatwa.

Kumbuka, kimea si cha kubana matumizi ya unga. Faida iko kwenye unga mwingi uliolainishwa. Wanga peke yake pia hautoshi: ongeza karanga zilizosagwa, maharage yaliyopondwa, yai au dagaa wa unga, na uendelee kumnyonyesha hadi miaka miwili au zaidi.

Mtoto ambaye uzito wake haupandi kwenye kadi ya kliniki, mpeleke kituo cha afya. Usisubiri uji ufanye kazi ya daktari.