Piano Inayopigwa kwa Miguu

Mbele ya piano inayojipiga, macho huvutwa na vibonye vinavyozama na kuinuka bila kidole. Wewe itazame miguu ya aliyekaa kwenye kiti, maana muziki unaanzia huko.

Pedali anazokanyaga huendesha mivukuto. Mvukuto wa mhunzi hupuliza, huu hunyonya. Juu yake, gombo la karatasi yenye matundu hupita kwenye upau wa shaba uliotobolewa, tundu moja kwa kila noti. Tundu la karatasi likikutana na la shaba, hewa ya nje hupenya, vali hufunguka, na kijivukuto cha noti hiyo husinyaa ghafla na kuisukuma nyundo igonge nyuzi. Mwaka 1908, mjini Buffalo, watengenezaji wa Marekani walikubaliana kipimo cha noti 88. Magombo mengi ya zamani zaidi ni ya noti 65, kwa hiyo ukinunua, kagua kwanza.

Ragitaimu, muziki wa Wamarekani Weusi, iliiva pamoja na mashine hii. Mkono wa kushoto hutembea kigwaride: besi, kishada cha noti, besi, kishada. Wa kulia hukaidi, ukitia mkazo wakati mguu wa gwaride bado uko hewani. Muziki wa Chopin ukinyooshwa kimashine hufa. Ragitaimu hustahimili, kwa sababu ukaidi hausikiki vizuri mpaka kuwe na mwendo usioyumba wa kukaidiwa.

Scott Joplin, mtunzi wa ragitaimu ambaye “Maple Leaf Rag” yake ilichapishwa na John Stark mwaka 1899, hakuacha santuri hata moja. Ila mwaka 1916, akiwa mgonjwa na amebakiza mwaka mmoja wa kuishi, alipiga vipande kadhaa vya kutobolewa kwenye magombo. Wapenzi huapa kwamba hapo wanamsikia Joplin mwenyewe. Mimi nasita. Gombo la kawaida huhifadhi noti gani ilianza lini na ikaisha lini. Uzito wa kidole haumo. Tena wahariri wa viwandani walizoea kunyoosha mapigo na kuongeza noti, hata ukajiuliza mpigaji alikuwa na mikono mingapi.

Kilichokosekana kwenye karatasi ndicho unachokitia wewe. Kanyaga kwa ulaini, sauti inanong’ona. Kanyaga ghafla, mkazo unaruka. Mwendo nao uko mkononi mwako, kwenye wenzo mdogo mbele ya vibonye: alama 70 ni futi 7 za karatasi kwa dakika. Wapiga piano wa baa za kwenye sinema wamelizoesha sikio letu mbio, ilhali Joplin alionya kwenye nota zake kwamba ragitaimu isikimbizwe. Shusha wenzo mpaka usikie mkono wa kulia ukikaidi kwa makusudi.

Na ukiishiwa pumzi kabla wimbo haujafika nusu, usiilaumu miguu. Baada ya miaka mia, mipira hukauka na kitambaa cha mivukuto hupasuka. Fungua ubao wa chini, usikilize hewa inavujia wapi.