Tuyachunguze Matangazo ya Maziwa ya Kopo

Ukiingia dukani Kilosa mjini, au ukienda gulioni, utakutana na matangazo. Mengine yameandikwa ukutani. Mengine yanasemwa kwa kipaza sauti. Sasa unajua kusoma, nalo ni jambo jema. Lakini mtu aliyejifunza kusoma juzi anaweza kudanganywa upesi, kwa sababu anakiamini kila kilichoandikwa.

Tangazo ni maneno au picha iliyotengenezwa ili ununue kitu, au umfuate mtu fulani. Si kila tangazo ni la uongo. Hata hivyo kila tangazo lina mtu aliyelilipia. Leo tutazame matangazo ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga, kwa kuwa katika jambo hili watoto wengi walipoteza maisha.

Katika miaka ya 1960 na 1970, makampuni ya Ulaya na Marekani yalitafuta wanunuzi wapya wa maziwa hayo katika nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Yalichora picha ya mtoto mnene anayecheka, na kando yake kopo. Ukiitazama picha hiyo, wewe mwenyewe unajiambia moyoni: mtoto huyu amenenepa kwa maziwa haya. Kampuni haikutamka neno hilo, kwa hiyo huwezi kuishtaki kwa uongo.

Katika nchi kadhaa makampuni yaliajiri wanawake wakavaa sare nyeupe, wakapita wodini na majumbani kuongea na akina mama. Baadhi yao walikuwa wauguzi kweli, ila mshahara wao ulitoka kwa kampuni. Mama aliona muuguzi. Hakumwona muuzaji.

Kisha mama akaulizwa: je, maziwa yako yanatosha? Swali hili linaonekana la huruma. Lakini fikiri anayeulizwa ni nani. Ni mama aliyejifungua juzi, amechoka, na mtoto analia usiku kucha. Ni wachache wanaoweza kujibu bila wasiwasi. Tangazo humtia mtu hofu kwanza, ndipo humwonyesha dawa ya hofu hiyo, na dawa yenyewe inauzwa.

Mbinu kubwa kuliko zote ilikuwa kopo la bure. Ili uielewe, lazima ujue jinsi ziwa la mama linavyofanya kazi. Mtoto anaponyonya ndipo mwili wa mama unapotengeneza maziwa. Akinyonya sana, maziwa huja mengi. Asiponyonya, hupungua, na mwisho hukauka. Basi mama alipewa kopo moja bila malipo. Mtoto akanywa kwa chupa siku kadhaa. Kopo lilipokwisha, maziwa ya mama yalikuwa yamekwisha pungua. Kopo la pili halikuwa la bure tena.

Kopo lilikuwa ghali. Ili lidumu, mama alitia unga kidogo na maji mengi. Maji yalitoka mtoni au kisimani, na kuni za kuchemshia maji na chupa mara kwa mara hazikuwepo. Mtoto akapata kuhara na utapiamlo. Hayo hayakuandikwa kwenye tangazo.

Mwaka 1974 Mike Muller aliandika kijitabu kuhusu jambo hili. Kikundi kimoja cha Uswisi kikakitafsiri kwa kichwa cha habari kikali zaidi, na kampuni ya Nestlé ikakishtaki mahakamani. Mwaka 1976 hakimu alikitoza kikundi hicho faini ndogo kwa kuikashifu kampuni, lakini akaiambia kampuni nayo ifikirie upya namna inavyojitangaza. Mwaka 1981 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipiga kura kukataza maziwa hayo yasitangazwe kwa wananchi wala kugawiwa bure kwa akina mama. Nchi 118 zilikubali. Moja tu ilikataa, nayo ni Marekani. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994.

Maziwa ya kopo yana kazi yake, kwa mfano mama akifariki. Na mama mwenye virusi vya UKIMWI afuate ushauri wa kliniki. Lakini uamuzi huo ni wa mganga, si wa mwenye duka.

Pengine utauliza: mbona serikali nayo hutangaza? Ni kweli. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio na vitabu, ikawafikia watu wapatao milioni 2. Iliwahimiza wachimbe vyoo na kuharibu mazalio ya mbu. Lakini watu walikaa katika vikundi, wakaelezwa sababu, wakauliza na kubishana. Tangazo la kopo halikutaka uulize.

Katika siasa mbinu ni hizo hizo. Mgombea hutoa kanga, fulana na chumvi, nawe unaona haya kumnyima kura mtu aliyekupa kitu. Zawadi hizo ziliitwa takrima, na sheria iliziruhusu tangu mwaka 2000. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba zinavunja Katiba. Kanga hiyo ni ndugu yake kopo la bure.

Turudi kwa mama aliyeulizwa kama maziwa yake yanatosha. Swali hilo anaweza kulijibu mwenyewe. Mtoto mchanga anayeshiba maziwa ya mama, akishapita siku chache za kwanza, hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Akipelekwa kliniki kupimwa, mstari wa uzito kwenye kadi yake hupanda. Ukiona mambo hayo mawili, maziwa yanatosha. Usipoyaona, nenda kliniki upesi na kadi ya mtoto, usingoje siku ya kupima.