Picha Zitokazo Juu ya Mawingu

Katika nchi ya juu ya Kibondo na Kasulu, jua likiisha kuchwa na mbingu zikiwa wazi, nyota huonekana nyingi kuliko mjini, kwa maana taa za usiku ni chache. Mtu akiketi nje huko Kasanda akatazama juu kwa subira, huenda akaona nyota moja inayotembea. Haimetameti kama nyota nyingine, wala haina mkia kama kimondo. Yakata anga taratibu kwa dakika chache, kisha pengine yatoweka ghafula kabla ya kufika upeo wa macho. Hiyo si nyota, bali ni setilaiti, yaani chombo kilichorushwa na watu ili kiizunguke dunia. Twaiona kwa sababu huko juu jua bado laiangaza. Ikiingia katika kivuli cha dunia, haionekani tena.

Iliyo rahisi kuonekana kuliko zote ni Kituo cha Anga cha Kimataifa, ambacho watu hukaa ndani yake, kiasi cha kilometa 400 juu ya nchi. Lakini ziko nyingine, zisizoonekana kwa urahisi, ambazo mkulima ana haja nazo zaidi. Nazo ni setilaiti za hali ya hewa. Urusi ilirusha moja mwaka 2023, iitwayo Meteor-M N2-3, na mwenziwe, N2-4, mwaka 2024. Hizi huenda kwa urefu wa kilometa 820 hivi, zikipita karibu na ncha za dunia, kaskazini na kusini. Huyatazama mawingu, na papo hapo hutangaza kwa redio yale ziyaonayo. Wala hazichagui msikilizaji: aliye mjini na aliye kijijini hupewa sawasawa, bila malipo.

Labda utauliza, “Picha yawezaje kusafiri hewani?” Mtazame mtu asukaye mkeka. Haumalizi kwa mara moja. Huongeza ukili juu ya ukili hata mkeka ukapata upana wake. Ndivyo ifanyavyo setilaiti. Jicho lake hupita toka upande mmoja hata wa pili, likipima mwanga wa kila nukta ya nchi, na vipimo hivyo hugeuzwa kuwa tarakimu zinazotumwa kwa redio. Wakati huo setilaiti imekwisha kusogea mbele, nalo jicho laanza mstari mwingine. Chini, kompyuta hupokea tarakimu na kuipanga mistari, mmoja chini ya mwingine. Baada ya dakika kumi au zaidi kidogo, picha imekwisha.

Vyombo vyake si vingi. Yatakiwa kompyuta, na kipokezi kidogo kipatacho ukubwa wa kidole gumba, cha kuchomeka humo, na antena, ambayo waweza kuitengeneza mwenyewe. Hapa hesabu za darasani zafaa. Mawimbi ya redio huenda mita 300,000,000 kwa sekunde. Setilaiti hizi hutangaza karibu na megahezi 137.9, yaani mawimbi 137,900,000 kwa sekunde. Gawanya, utaona kwamba wimbi moja lina urefu wa mita 2.18 hivi. Robo yake ni sentimeta 54, na kwa kuwa katika chuma wimbi hufupika kidogo, kata fito mbili za chuma chembamba, kila moja sentimeta 53. Zilaze sawa na ardhi, zipanuke kama herufi V, mdomo wa V uelekee kaskazini au kusini. Ufito mmoja uungwe na uzi wa katikati wa waya wa antena, na wa pili uungwe na wavu wa nje; zenyewe zisigusane.

Kisha chagua mahali palipo wazi. Mawimbi haya hayapindi kufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo mlima ulio karibu huyazuia, na mtu aliye kilimani humshinda aliye bondeni. Pasipo kizuizi, setilaiti yasikika ingali mbali kiasi cha kilometa 3,000. Ndiyo sababu mtu wa Kasanda aweza kupata picha moja ianzayo karibu na Misri na kuishia Afrika ya Kusini.

Katika picha ya mchana mawingu huwa meupe, na maziwa meusi. Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilometa 670 hivi, laonekana kama jani jembamba lililosimama. Ukilipata hilo, umepata kwenu. Wingu kubwa la mvua ya radi huonekana kama donge la pamba. Lakini tusidanganyike. Picha hii yaonyesha wingu lilipo sasa, haisemi kama kesho litanyesha katika shamba la baba yako. Mwenye kulinganisha picha ya asubuhi na ya jioni hupata habari zaidi, na hata hivyo tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania halifai kuachwa.

Kazi ya kusikiliza vyombo vya angani si ngeni katika nchi yetu. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn wa Marekani alipoizunguka dunia mara tatu, mojawapo ya vituo vya redio vilivyomfuata kilikuwa Unguja. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Siku zile kazi hiyo ilitaka mitambo mikubwa na mafundi wengi. Leo fito mbili zatosha.

Lakini setilaiti nazo huzeeka. Kwa miaka mingi wapenzi wa kazi hii walijifunza kwa setilaiti za Marekani ziitwazo NOAA, ambazo sauti yake ilisikika kama mlio wa saa, tik-tok, tik-tok, mistari miwili kwa kila sekunde. NOAA-15 ilirushwa mwaka 1998. Yeye na wenzake wawili, 18 na 19, walizimwa wote mwaka 2025. Tangu hapo aliyezoea mlio ule imempasa kuigeukia Meteor, ambayo sikioni ni kelele tupu kama mvua juu ya bati, mpaka kompyuta iifasiri.