Ukisoma, Mfundishe Mwenzako

Mwalimu Julius Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Tanzania ilikuwa na kazi kubwa mbele yake. Kwa hesabu za sensa ya 1967, karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Wilaya za mwanzo kupewa jukumu la kufuta ujinga huo zilikuwa chache, na Kisarawe ilikuwa mojawapo, pamoja na Mafia, Ukerewe, Masasi, Pare na Kilimanjaro. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulikuta wasiojua kusoma wameshuka hadi asilimia 39, na ule wa 1986 ukakuta hawafiki asilimia 10. Tunapoisimulia habari hii huwataja wazee waliojifunza kusoma ukubwani, na wanastahili. Lakini katika madarasa yale ya ngumbaru alikuwapo mwanafunzi mwingine tusiyemhesabu, naye ni mwalimu mwenyewe. Walimu wenye vyeti hawakutosha, hivyo kazi ikawaangukia walimu wa kujitolea, wengi wao vijana waliomaliza shule ya msingi, kwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Kijana wa namna hiyo aliwaamkia wanafunzi wake shikamoo kabla ya kushika chaki. Hoja yangu ni kwamba anayesoma ili amfundishe mwenzake hukua kuliko anayesoma peke yake, na kwamba tunapoacha kufundishana tunaupoteza ukuaji huo.

Sababu iko katika namna akili inavyofanya kazi. Msomaji wa peke yake hupita juu ya jambo asilolielewa bila kujijua, kwa kuwa hakuna wa kumsimamisha. Chukua mkulima wa korosho anayesoma maelekezo ya salfa ya unga, dawa ya kukinga mikorosho na ubwiriunga. Anasoma kwamba dawa ipulizwe alfajiri, anaitikia kwa kichwa, anaendelea. Siku akimweleza jirani yake, swali la kwanza atakaloulizwa ni hili: kwa nini alfajiri na si adhuhuri? Hapo ndipo anapogundua kwamba alishika agizo bila kushika sababu. Itabidi arudi kwenye maandishi, au amuulize bwana shamba, mpaka ajue kwamba wakati huo upepo umetulia, na umande ulioko kwenye majani na maua huusaidia unga kunata. Tangu siku hiyo hahitaji kukumbushwa, na akikuta asubuhi yenye upepo mkali ataamua mwenyewe kungoja. Swali la jirani limemfikisha mahali ambapo kusoma peke yake hakukumfikisha.

Utafiti unaliunga mkono jambo hili. Mwaka 2014, John Nestojko na wenzake nchini Marekani walichapisha majaribio ambamo watu walisoma maandishi yaleyale, baadhi wakiambiwa watafanyiwa mtihani, wengine wakiambiwa watakwenda kuyafundisha. Mwishoni wote walifanyiwa mtihani na hakuna aliyefundisha. Waliotarajia kufundisha walikumbuka zaidi, na kwa mpangilio mzuri zaidi. Nia ya kumfundisha mtu ilitosha kubadili usomaji. Watu wa Pwani wana desturi inayofuata njia hiyo tangu zamani: katika vyuo vya Kurani, mwanafunzi aliyetangulia huwasomesha wadogo herufi na kuwasahihisha matamshi, huku naye akiendelea kusoma kwa mwalimu wake. Wadogo wanafaidika, naye msingi wake unaimarika.

Wapo watakaosema kwamba kipofu hamwongozi kipofu, na kwamba mwenye elimu nusu ataeneza makosa. Hofu hiyo ina msingi, hasa katika mambo ya tiba na sheria, ambako kosa dogo linaweza kuangamiza. Dawa yake ni kufundisha huku kitabu kimefunguliwa, wote wawili wakikitazama, na kila asiyejua akubali kusema hajui, kisha amtafute anayejua. Ninachokitetea ni ualimu wa jirani kwa jirani unaokagulika, ambao mwanafunzi ana haki ya kuuliza imeandikwa wapi. Mtu anayejifungia na alichokisoma ndiye anayeweza kuishi na kosa miaka mingi bila kusahihishwa na yeyote.

Pingamizi zito zaidi linatokana na kampeni yenyewe ya kufuta ujinga. Mafanikio yale hayakudumu yote: miaka ya 1980 uchumi ulipobana, madarasa yalipungua, vitabu na magazeti ya vijijini yakawa haba, na wapo waliokwisha kujua kusoma wakasahau. Je, si ushahidi kwamba kufundishana hakutoshi? Ni kweli hakutoshi, kwa sababu wanaofundishana wanahitaji cha kusoma. Mkoa wa Pwani una mfano mzuri wa kuvikutanisha viwili hivyo. Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa nchi za Nordiki ulioanza 1963 na kukabidhiwa kwa Tanzania 1970, liliweka maktaba, sekondari na chuo cha maendeleo ya wananchi chini ya mwavuli mmoja. Lakini maktaba iliyoko mjini haimfikii mkulima wa Marui, wilayani Kisarawe, mpaka awepo mtu wa kukichukua kitabu, akakisoma na kukipeleka kijijini pamoja na maelezo yake.

Mtu huyo anaweza kuwa mwanafunzi wa sekondari aliyerudi likizo, mke wa mwenyekiti wa kitongoji, au mstaafu mwenye miwani yake na saa mbili za jioni. Hahitaji darasa wala cheti, kibaraza kinatosha. Basi msomaji, kabla mwezi huu haujaisha, chagua jambo moja ulilolisoma na kulielewa, umtafute mtu mmoja anayelihitaji, umfundishe. Na akikuuliza swali lisilo na jibu kichwani mwako, mshukuru, kisha mkalitafute pamoja.