Barafu ya Milima ya Rwenzori

Ukitoka Omurushaka, ukavuka Mto Kagera pale Murongo, ukapita Mbarara na kufika Kasese, utaiona milima ya Rwenzori. Iko mpakani mwa Uganda na Kongo. Kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109.

Ikweta inapita karibu hapo, lakini juu kuna barafu. Kwa nini? Kadiri unavyopanda mlima ndivyo baridi inavyozidi, hata maji yakaganda.

Kwenye miteremko wanaishi Wakonzo. Wanalima migomba na kahawa, kama sisi. Wazee wao husema mungu Kitasamba anakaa ndani ya theluji.

Theluji hiyo inakwisha. Mwaka 1906 barafu ilienea zaidi ya kilometa za mraba 6. Leo haifiki hata 1, kwa sababu joto la dunia limeongezeka. Kitasamba atakaa wapi?

Na sisi tuna uhusiano na milima hiyo. Maji yake hushuka kwa Mto Semliki mpaka Ziwa Albert. Maji ya Kagera huingia Ziwa Victoria, hutoka kwa Mto Naili, nayo hufika Ziwa Albert. Humo maji yetu na yao huchanganyika.