Tathmini, uthamini na ukaguzi: istilahi za nishati ya nyumba

Maneno tathmini na uthamini yana asili moja katika Kiarabu, neno lenye maana ya bei. Hata hivyo, katika hati za kuuza au kupangisha nyumba hayabadilishani nafasi. Mfasiri akiyachanganya, msomaji atadhani anaelezwa bei ilhali anaelezwa umeme.

Uthamini ni ukadiriaji wa thamani ya mali kwa fedha. Tanzania ina Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na mwenye taaluma hiyo huitwa mthamini. Ukaguzi ni kuangalia kama kitu kiko jinsi kinavyotakiwa: fundi hukagua nyaya. Tathmini ni kupima hali ya kitu kwa vigezo, kisha kutoa uamuzi juu yake.

Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 lilitaka jengo linapouzwa au kupangishwa, mnunuzi au mpangaji apewe hati inayoonesha kiwango chake cha nishati. Kwa Kiswahili, kazi hiyo ni tathmini ya ufanisi wa nishati, na hati yake ni cheti cha ufanisi wa nishati.

Neno ufanisi nalo lahitaji uangalifu. Linatokana na fana, yaani kuwa vizuri; halimaanishi uchache. Chukua nyumba mbili za matofali ya kuchoma, zilizoezekwa kwa bati bila dari: moja Mbinga mjini, katika nyanda za juu za Umatengo, nyingine Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Bati hupitisha joto la jua mchana na kulipoteza upesi usiku. Mkazi wa Mbinga ataisikia kasoro hiyo katika baridi ya Juni na Julai. Wa Mbamba Bay ataisikia katika joto la mchana. Sasa mwenye nyumba akisema, “Mpangaji aliyetoka alinunua umeme kidogo sana wa LUKU,” ametaja matumizi, hajataja ufanisi. Huenda mpangaji huyo alipikia kuni au mkaa na kuivumilia baridi.

Tanzania haimlazimishi mwenye nyumba kutoa cheti cha aina hii. Hivyo mpangaji hutegemea maneno ya tangazo na mkataba. Neno likikosewa, gharama ni yake.

Mifano ya matumizi:

Sahihi: Nyumba ilifanyiwa tathmini ya ufanisi wa nishati kabla ya kupangishwa.
Si sahihi: Nyumba ilifanyiwa uthamini wa nishati kabla ya kupangwa.

Sentensi ya pili ina kosa jingine. Mpangaji hupanga nyumba. Mwenye nyumba huipangisha. Tathmini iliyotajwa ni wajibu wa anayepangisha, kwa hiyo kitenzi kifuate upande wake.