Kemia ya Usiku Mmoja: Kubadili Vigae katika Jengo Lisilofungwa

Katika maghorofa ya biashara ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, mmiliki anayetaka kubadili vigae vya sakafu hawezi kwa urahisi kuwaondoa wapangaji wake, kwa kuwa kila siku ya kufunga ni kodi inayopotea kwake na ni wateja wanaopotea kwao. Njia inayobaki ni kufanya kazi usiku, kipande baada ya kipande, kati ya maduka yanapofungwa usiku na yanapofunguliwa asubuhi, na katika muda huo kigae cha zamani kinapaswa kung'olewa, sakafu isafishwe, kigae kipya kibandikwe na eneo lote liwe tayari kukanyagwa. Ratiba ya namna hiyo huchukuliwa kuwa suala la kusimamia mafundi tu, ilhali kinachoamua kama mlango utafunguliwa asubuhi ni kasi ya saruji kuungana na maji.

Wengi huamini kwamba saruji hupata nguvu kwa kukauka, na imani hiyo ndiyo inayomfanya msimamizi mwenye haraka aelekeze feni kwenye sakafu mbichi. Ukweli ni kinyume chake. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, aliipatia hataza mwaka 1824, ina silikati za kalsiamu ambazo zikikutana na maji huungana nayo kikemikali na kuzaa jeli ngumu inayoshikanisha chembe za mchanga. Maji yakiondolewa mapema, mmenyuko huo hukoma njiani na kinachobaki ni unga uliogandamana. Kwa sababu hiyo gundi za kisasa za vigae, ambazo ni mchanganyiko wa saruji, mchanga laini na kemikali kidogo, hutiwa vitu vitokanavyo na selulosi ambavyo kazi yake ni kuyazuia maji yasifyonzwe na sakafu wala yasichukuliwe na hewa kabla saruji haijayatumia.

Gundi ya kawaida huhitaji takribani saa 24 kabla ya kigae kukanyagwa na viungo vyake kujazwa grauti, na nguvu yake rasmi hupimwa baada ya siku 28. Muda huo haupo katika duka linalofunguliwa kesho. Suluhisho lilitokana na utafiti uliokuwa na shabaha nyingine kabisa: Jules Bied, mkemia wa kampuni ya Lafarge nchini Ufaransa, alikuwa akitafuta saruji isiyoliwa na maji yenye salfati, na mwaka 1908 hataza ya saruji ya aluminati za kalsiamu ikapatikana. Saruji hiyo ikichanganywa na jasi hutoa fuwele za etringaiti, ambazo kila kipimo chake cha kikemikali hufunga molekuli 32 za maji, hivyo maji ya mchanganyiko huingizwa ndani ya fuwele badala ya kusubiri kuvukizwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13007 kinaitaka gundi ya haraka, inayotambulishwa kwa herufi F, ifikishe mshiko wa nyutoni 0.5 kwa kila milimita ya mraba ndani ya saa sita, kiasi kinachokaribia kilo tano kwa kila sentimita ya mraba.

Kasi hiyo ina bei yake. Muda wazi, yaani muda ambao gundi iliyotandazwa bado inaweza kupokea kigae na kukishika, hutakiwa usipungue dakika 20 kwa gundi ya kawaida, lakini kwa gundi ya haraka kiwango kinaridhika na dakika 10. Tena vipimo hivyo hufanywa katika maabara yenye nyuzijoto 23, na mimenyuko mingi ya kemikali huongeza kasi karibu maradufu joto linapopanda kwa nyuzi 10, kwa hiyo fundi wa pwani anayefanya kazi usiku wa Januari hapaswi kuzitegemea dakika zilizoandikwa kwenye mfuko. Inafaa achanganye ndoo ndogo ndogo na atandaze eneo la vigae vichache tu kwa wakati mmoja. Mazoea ya kuongeza maji katika gundi iliyoanza kukaza ili ilainike ni mabaya kuliko yanavyoonekana, maana fuwele zilizokwisha kuungana huvunjwa na haziungani tena kwa nguvu ile ile.

Aina ya kigae nayo ina neno. Mchanganyiko wa saruji na mchanga ukipakwa niru, yaani uji wa saruji tupu, juu yake umebandika vigae vya kauri kwa miongo mingi bila lawama, kwa sababu kauri ya kawaida ina vinyweleo ambamo saruji huingia na kung'ang'ania. Kigae cha poseleni, kinachochomwa katika joto linalokaribia nyuzi 1,200 hadi kikawa hakifyonzi maji yanayozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, hakina vinyweleo vya kutosha, na niru humwachia fundi kigae kinachong'oka kizima, mgongo wake ukiwa safi. Polima zilizomo katika gundi ya mfuko ndizo zinazoshika uso huo mtelezi. Anayekwepa gharama ya mfuko huo katika jengo lenye watu hulipa mara mbili, kwa kuwa marekebisho nayo yatadai usiku wao.

Swali la kung'oa au kubandika juu ya vigae vya zamani halina jibu moja. Kung'oa huleta kelele ambazo zege huzisafirisha hadi ghorofa za juu, na katika majengo ya zamani yenye vigae vya vinili kuna uwezekano wa kukuta asbesto, ambayo lazima ipimwe kabla nyundo haijainuliwa. Kubandika juu huokoa usiku mwingi, lakini kigae cha milimita 10 pamoja na gundi yake huongeza karibu kilo 30 kwa kila mita ya mraba, sehemu isiyopuuzika ya mzigo ambao sakafu ya ofisi hubuniwa kuubeba, na mhandisi ndiye anayestahili kuulizwa.

Vumbi ni jambo zito zaidi. Zege, mchanga na poseleni vina silika ya fuwele, na chembe zake ndogo kabisa, zisizoonekana kwa macho, hufika ndani ya mapafu na kuyatia makovu, ugonjwa uitwao silikosisi. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka silika hiyo katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 1997, na kanuni ya Marekani ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa mikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa nane za kazi. Katika jengo tupu hatari hiyo ni ya fundi. Katika jengo lenye watu viyoyozi vya pamoja huweza kuivuta na kuigawa ofisi kwa ofisi. Kukata kwa maji, kuziba matundu ya hewa na kuweka feni inayotoa hewa nje, ili shinikizo la eneo la kazi liwe dogo kuliko la jirani na hewa iingie badala ya kutoka, ni sehemu ya kazi yenyewe na haviwezi kuhesabiwa kuwa anasa.

Kinachosahaulika zaidi ni mwendo wa jengo. Sakafu ya zege yenye urefu wa mita 10 ikipata ongezeko la nyuzi 20 hurefuka karibu milimita 2, ilhali poseleni iliyo juu yake hurefuka kidogo zaidi ya milimita 1, na tofauti hiyo, ikijumlishwa na kupinda kwa sakafu chini ya mizigo, huishia kwenye gundi. Pasipo viungo laini vilivyojazwa silikoni badala ya grauti, ambavyo miongozo ya Marekani huvitaka kila baada ya mita 6 hadi 7.5 ndani ya jengo na karibu zaidi panapopigwa na jua, vigae husukumana hadi safu mbili zikainuka kama paa la hema. Hapa kazi ya usiku ina faida isiyotumiwa ipasavyo: mpaka kati ya eneo la usiku mmoja na la usiku unaofuata unaweza kupangwa uangukie pale pale panapohitajika kiungo laini, na mshono wa ratiba ukawa mshono wa kihandisi.

Asubuhi inapofika, saa sita za gundi ya haraka zinatosha kwa miguu ya wateja lakini si kwa toroli la kubebea mizigo, ambalo magurudumu yake madogo na magumu hukusanya uzito mkubwa katika eneo dogo. Toroli hilo hutafuta pembe ya kigae isiyo na gundi chini yake na kuivunja, ndiyo maana mistari ya mwiko wa meno huchorwa sambamba ili hewa itoke kigae kinapogandamizwa, na miongozo hiyo hiyo ya Marekani hutaka gundi iguse angalau asilimia 80 ya mgongo wa kigae, na asilimia 95 katika maeneo yenye maji. Hata hivyo mwenye duka hana budi kukubali kwamba kwa siku ya kwanza, au zaidi kama mtengenezaji wa gundi ameagiza hivyo, bidhaa zake nzito zitapitia mlango mwingine.